Kumchafulia mtu jina kwa simu: sheria inasemaje?

Tuseme malipo ya ufuta yamechelewa. Usiku, ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: "Katibu wa chama cha msingi amekula pesa zetu." Hakuna aliyeona ushahidi. Kufika asubuhi umeshasambaa vijiji vya jirani, na katibu anaogopa hata kwenda dukani.

Nchini Tanzania, aliyeandika ujumbe huo anaweza kuwajibishwa kwa njia mbili.

Jinai
Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha taarifa unazojua ni za uongo kwa nia ya kumkashifu, kumtisha au kumtukana mtu, au kupotosha umma. Iwe maandishi au picha, ni kosa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Madai
Aliyechafuliwa anaweza pia kwenda mahakamani kudai fidia. Ukijitetea kwamba ulichoandika ni kweli, wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha. "Nilisikia watu wakisema" si ushahidi.

"Mimi nilisambaza tu"
Utetezi huu haukuokoi. Katika sheria hiyo, kuchapisha ni pamoja na kusambaza. Ukisambaza jambo unalojua ni la uongo, nawe umo. Kujificha nyuma ya jina bandia nako hakusaidii sana, maana laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole.

Je, tukae kimya tukiibiwa?
Hapana. Peleka malalamiko panapohusika: kwa mwenyekiti wa kijiji, afisa ushirika wa wilaya, polisi, au TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Kutoa taarifa kwa nia njema kwa mwenye mamlaka ni tofauti na kumtangaza mtu mwizi kwenye kundi.

Ukichafuliwa wewe
Usijibu kwa matusi, usije ukageuka mshtakiwa. Usifute ujumbe. Piga picha ya skrini ikionyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, kisha nenda polisi. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, mtafute msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe. Huduma hiyo ni bure kwa wasio na uwezo.

Kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: haya naweza kuyasema mbele ya hakimu?