Kazi karibu na mulango: nani alilipa maisha ya kambi za Union Minière?

Wandugu, wengi wetu tukimaliza masomo tunaota kitu kimoja: mji mdogo, nyumba ya bei ya chini, kazi, soko na masomo ya watoto karibu, hakuna kulipa teksi-bisi kila asubuhi. Kuna wanaosema ni ndoto ya watu wa Ulaya. Hapana. Hapa Katanga maisha hayo yalikuwepo, tena si kwa matajiri, kwa wafanyakazi wa shaba. Swali ni: nani alikuwa analipa?

Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata tanuru ikatoa shaba ya kwanza. Mwanzoni Union Minière ilichukua wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Wengi waliugua, wengine wakafa, wengine wakatoroka, na kampuni ikapaswa kutafuta watu wapya mbali. Kuelekea 1928 ikabadilisha hesabu: mkataba wa miaka 3, na mwanaume aje na bibi na watoto. Njo hapo kambi zikakuwa miji midogo ya kweli, Lubumbashi, Jadotville (Likasi), Kipushi.

Ndani ya kambi, karibu yote yalifanyika kwa miguu: kazi, lopitali, masomo ya wamisionari, fasi ya kupokea posho. Nyumba ilikuwa ya kampuni, unga pia. Wazee walizoea kusema: kampuni njo baba, njo mama.

Lakini baba wa namna hiyo anaweka sheria pia. Ukipoteza kazi, unapoteza na nyumba. Wakati wa vita bei zilipanda, mshahara haukuzifuata, na Desemba 1941 wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Léonard Mpoyo, aliyesema kwa jina la wenzake, aliuawa.

Angalieni na chakula, juu mimi ni mtu wa kilimo. Sehemu kubwa ya unga haikulimwa kando ya kambi. Ilifika na treni, kwanza kutoka Rhodesia, kisha pia kutoka Kasai, reli ya kwenda Port-Francqui (Ilebo) ilipomalizika mwaka 1928. Mtu alitembea dakika chache, lakini sahani yake ilitoka mbali sana.

Mwaka 1967 serikali ikataifisha kampuni, baadaye ikaitwa Gécamines. Baba alibadilisha jina tu. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka. Mwaka 1993 Kipushi ikasimama. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10 000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kujitolea. Nyumba zilibaki pale pale, njia fupi zilibaki, ila mshahara, dawa na posho havikubaki. Wamama wakaanza kwenda mbali kulima mahindi na mihogo.

Kwa hiyo tusidanganyike na miguu. Leo wengi wa Annexe wanatembea mpaka mjini juu ya kukosa franga ya transport. Wa kambi alitembea juu kazi ilikuwa karibu. Wote wanatembea, lakini maisha si sawa.

Jibu langu: inawezekana kwa mtu wa kawaida, ila si kwa mkono mmoja unaolipa yote. Likasi, Kipushi na Kambove ziko na nyumba na njia fupi tayari. Kinachokosa ni kazi za namna nyingi: mashine ya kusaga, mboga, kuku, mbegu, karakana. Kabla ya kuhamia kule, tuulize maswali matatu. Kuna kazi ngapi tofauti? Chakula kinatoka wapi? Na kazi ikiisha, nyumba inabaki ya nani?

Ninyi mulio kule, mji wenu unajibu nini?