Chukudu, kinga na motokari: barabara ni ya nani?

Leo tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekipita asubuhi tukienda masomo bila kukiangalia.

Saa moja ya asubuhi, Goma. Motokari zimefunga njia, honi zinalia, motari wanapenya ubavuni, ile ambuteyaji ya kila siku. Katikati yao kijana mmoja anasukuma chukudu yenye magunia ya makala, na kila mtu anamfokea: toka njiani! Mbele, kwenye Rond-point Chukudu, kuna sanamu ya mtu wa kazi hiyohiyo, rangi yake ya dhahabu, iliyosimamishwa mwaka 2009 kwa kumheshimu. Basi yule wa dhahabu anapigwa picha, na mwenye jasho anatukanwa. Hiyo njo ilinifanya niandike.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1815, kule Indonesia, volkano ya Tambora ililipuka. Majivu yakafunika anga, na mwaka 1816 Ulaya haikupata kiangazi cha kweli. Mavuno yakakufa, chakula cha farasi kikawa ghali. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Juni 1817, Mjerumani mmoja, Karl Drais, akatoka Mannheim juu ya chombo cha mbao: magurudumu mawili, usukani, hakuna pedali. Alikuwa anasukuma kwa miguu yake chini. Wanahistoria wengine wanasema alikuwa anatafuta kitu cha kushika nafasi ya farasi. Wengine wanakataa, hawaoni ushahidi wa kutosha. Lakini hicho chombo njo babu wa kinga zote za dunia. Sasa angalia vizuri: mbao, magurudumu mawili, usukani, mguu unasukuma. Na volkano iko nyuma yake. Mtu wa Goma akisikia hiyo anacheka peke yake.

Sisemi chukudu ilitoka Ujerumani. Hapana. Mtu mwenye mti, panga, mteremko na mzigo mzito anaweza kufikia wazo hilo bila kufundishwa na mtu.

Kinga ya Ulaya ilipata pedali katika miaka ya 1860, halafu mwaka 1888 John Boyd Dunlop, kule Belfast, akapata hati ya uvumbuzi wa gurudumu la mpira lenye hewa ndani. Hapa njo historia inaingia kwetu kwa nguvu. Mpira ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Brazili, na nyingine ilitoka katika misitu ya Kongo, hasa upande wa Ekweta na Kasai, wakati nchi nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II wa Ubelgiji, tangu 1885 mpaka 1908. Kijiji kisichofikisha kilo zilizotakiwa kilichomwa, wanawake wakafungwa mpaka waume walete mpira, watu wakakatwa mikono. Mwaka 1895 ndugu wa Michelin wakaweka mpira wa hewa kwenye motokari katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris, na hamu ya mpira ikazidi. Yaani mabwana na mabibi wa Ulaya walipokuwa wanatembea na kinga siku ya Mungu, sehemu ya safari yao ililipwa na babu zetu.

Halafu njoo uangalie gurudumu la chukudu. Ni mbao, lakini limezungushiwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye gurudumu kuukuu la motokari. Mpira umerudi nyumbani ukiwa umekwisha kazi, na sisi tunaupigilia misumari.

Chukudu yenyewe ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970. Kumbuka kilichokuwa kinapita wakati ule. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, maduka na mashamba ya wageni yakapewa wengine. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka. Barabara zikaacha kutengenezwa, piesi za magari zikawa shida. Lakini viazi havikungoja. Maharagwe ya Masisi na mbao vilipaswa kushuka sokoni. Mkulima wa Kibabi, mwenye shamba kwenye mlima na mnunuzi wake yuko Goma, alihitaji kitu kisichoomba mafuta. Fremu ya mti mgumu, karibu mita mbili; kipande cha sandali kuukuu cha kuwekea goti; kwa kusimamisha, mguu unakandamiza mpira kwenye gurudumu la nyuma. Inabeba mamia ya kilo. Ikivunjika, inatengenezwa palepale na nyundo.

Kwa nini si kinga? Kisangani, toleka, kinga zile za kubeba watu, zililisha familia nyingi wakati magari yalikosekana. Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, boda boda ilianza na kinga kabla haijawa pikipiki. Lakini Kisangani ni tambarare. Hapa kwetu kuna milima, mawe ya lava yanayopasua matairi, na mzigo ni gunia la viazi, si abiria mmoja. Kwa maoni yangu, kazi yenyewe njo iliichagua mbao.

Tusipambe sana, lakini. Kuna wanaoandika juu ya chukudu kama usafiri safi usiochafua hewa. Ni kweli haina moshi. Lakini yule kijana hakuchagua kuokoa hewa, alichagua kula. Kupanda mlima na ule mzigo kunaumiza kifua, na mteremko ukimshinda anakufa. Kwenye baryeri za watu wenye silaha, naye pia analipa. Na vita inapokuja, watu wanatafuta chukudu kabla ya kitu kingine: mwaka 2012, na tena Februari 2024 mapigano yalipofika Sake, magodoro, masufuria na wazee walishuka kuelekea Goma juu ya mbao hizo.

Sasa pikipiki za bei ndogo zimejaa, lami imefika fasi kadhaa, na chukudu inasukumwa pembeni. Kati ya Goma na Sake ni kilomita kama 25. Lori likitoka nyuma, mwenye chukudu anashuka mpaka kwenye mfereji, anashikilia mzigo usianguke, anangoja vumbi lishuke, halafu anaanza tena.

Nawaambia hasa wale wanaosoma ujenzi. Tunachora barabara kwa kuhesabu motokari, na njia ya watu wa miguu ikibaki nafasi. Chukudu haihesabiwi, ingawa chakula cha mji kimepita juu yake miaka hamsini. Mita moja na nusu pembeni ingetosha. Nina rafiki, leo ana diplomu ya sheria. Minervali yake ya miaka yote baba yake aliileta na chukudu kutoka Sake, gunia kwa gunia. Juzi tulikuwa pamoja ndani ya taksi, dereva akapigia honi mzee mmoja mwenye mzigo wa mbao. Rafiki yangu akafungua kioo, akamwambia dereva: ngoja, mwache apite.