Marubani wa Archer's Post

Ukitoka Isiolo kuelekea Marsabit, kilomita kama 35 hivi, unavuka mto Ewaso Nyiro na kuingia Archer's Post. Abiria wengi hawashuki. Basi husimama kidogo, akina mama wa Kisamburu wakanadi shanga dirishani, safari ikaendelea. Mwaka 1940 hapa palikuwa na uwanja wa ndege za kivita.

Italia, iliyokuwa imeikalia Ethiopia, iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Mwezi uliofuata Waingereza wakaikimbia Moyale, mji wa mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Kwa njia ya anga, Moyale iko karibu kilomita 600 kutoka Nairobi, na ndege za enzi hizo hazikuwa za kwenda mbali zikiwa na shehena ya mabomu. Kuziegesha Archer's Post, penye tambarare na maji ya mto, kulipunguza safari kwa zaidi ya kilomita 200.

Walioletwa ni Makaburu na wenzao wa Afrika Kusini, wakiwemo wa Kikosi cha 11. Walianza na Hartbees, ndege ya mabawa ya ghorofa, rubani na mpiga bunduki wakiwa wazi juani na vumbini. Kisha wakapewa Fairey Battle, ambazo Wajerumani walikuwa wametoka kuziteketeza kwa makumi huko Ufaransa. Kule zilikuwa majeneza. Huku zilifaa, maana ndege nyingi za Waitalia nazo zilikuwa za kizamani.

Februari 1941 divisheni ya Jenerali George Brink wa Afrika Kusini, iliyopitia Marsabit, iliiteka Mega, kusini mwa Ethiopia, na Moyale ikarudi mikononi mwa Waingereza. Tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikaanguka. Vita vikasonga mbele, uwanja ukakosa kazi.

Wenyeji hawakuulizwa lolote. Kaskazini ilikuwa wilaya iliyofungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Si ajabu wazee wa huko wakienda Nairobi husema wanakwenda Kenya.

Wanajeshi hawakuisha. Baada ya uhuru, Waingereza waliendelea kufanyia mazoezi ya silaha maeneo hayo, na mabomu yaliyobaki bila kulipuka yakaua na kulemaza wachungaji, watoto wakiwemo. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 228 wa huko na wa Dol Dol, Laikipia, pauni milioni 4.5. Lami ya Isiolo hadi Moyale, njia ambayo malori ya Brink yalihangaika nayo, ilikuja kukamilika miaka ya 2010.