Alama za Sekondari Msingi Hazingoji Gredi ya 9
Burumba ni wadi ya Matayos, mjini Busia, mpakani na Uganda, ambako kibarua cha siku moja humtoa mtoto darasani kwa urahisi. Wazazi wengi hutegemea KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, ufidie yote. Haufidii. Katika kumpangia mwanafunzi sekondari pevu, mtihani huo una asilimia 60 tu. 20 hutoka KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Asiyekuwapo hatathminiwi, awe Burumba au Likoni. Simu nayo (mara nyingi ya mama) hula usiku, asubuhi mtoto akachelewa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humbana mzazi asiyempeleka mtoto shule: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.