Barabara ya wastani

Abiria anayepanda gari Tarime mjini kwenda Mugumu hana haja ya kuuliza ni kilomita ngapi. Zinajulikana: zimezidi 80 kidogo, kupitia Mogabiri na Nyamongo, kisha Mto Mara unavukwa na wilaya ya Serengeti inaanza. Swali la maana ni moja tu: jana ilinyesha? Kama ilinyesha, saa ya kufika anaijua Mungu.

Swali hilo fupi limewahangaisha wahandisi kwa zaidi ya miaka 60. Wamelipeleka kwenye majaribio ya mamilioni ya dola, wamelitengenezea mitambo ya kukokotwa na magari, na siku hizi wanaliuliza kwa simu na setilaiti. Wote wanatafuta kitu kimoja: namba itakayosema barabara ikoje, ili mtu aliyekaa ofisini Musoma au Dodoma aamue pesa ziende wapi.

Zamani hali ya barabara ilipimwa kwa macho na kwa kiuno cha dereva. Hatua kubwa ya kuachana na mtindo huo ilipigwa Marekani, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Kati ya mwaka 1958 na 1960 askari waliendesha malori usiku na mchana kwenye barabara zilizojengwa makusudi ili ziharibiwe. Ekseli zilipita zaidi ya mara milioni moja. Ajabu ni kwamba kiuno hakikuondolewa. Watafiti wawili, Carey na Irick, waliwapandisha watu kwenye magari, wakawapitisha kwenye barabara mbalimbali na kuwataka wazipe alama kuanzia 0 hadi 5. Kisha wakatafuta namna ya kuzikaribia alama hizo kwa vipimo vya nyufa, viraka, mabonde ya magurudumu na mtikisiko. Namba iliyozaliwa pale ilikuwa tafsiri ya maumivu ya abiria.

Jaribio hilohilo ndilo lililoleta kanuni ambayo kila mwenye lori angepaswa kuijua. Ekseli ya tani 16 haiiumizi barabara mara mbili ya ekseli ya tani 8, bali takriban mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 1, 2019 na inayoweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, imesimama juu ya hesabu ya aina hiyo. Nyamongo inaijua hesabu hiyo bila kuisoma. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, unahitaji mafuta, saruji na mitambo, na vyote hivyo hufika kwa magurudumu.

Lakini Illinois ilikuwa habari ya lami na zege. Nani angepima udongo?

Jibu lilipatikana jirani, upande wa pili wa mpaka wa Sirari. Kuanzia mwaka 1971 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, ilifanya utafiti mkubwa nchini Kenya. Walichagua vipande vya barabara za lami na za changarawe, wakavirudia mara kwa mara wakiangalia vinavyochakaa: changarawe imepungua kiasi gani, magurudumu yamechimba mabonde ya kina gani, gari linatikisika vipi. Sambamba na hayo walihesabu matairi, mafuta na vipuri vya magari yanayopita humo. Ripoti zilitoka mwaka 1975. Ndiyo mizizi ya programu ya kompyuta ambayo baadaye Benki ya Dunia iliikuza na kuisambaza duniani, toleo lake linalotumika sana likiitwa HDM-4. Mkopo wa barabara unapojadiliwa leo katika nchi maskini, mara nyingi nyuma yake kuna vumbi la Kenya la miaka ya 70.

Kulibaki tatizo la lugha. Kila nchi ilikuwa na chombo chake na namba zake, na namba hizo hazikuelewana. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Brasilia, wakavipitisha vyombo vyao kwenye barabara zilezile, na hapo kikapatikana kipimo cha pamoja cha mtikisiko kinachojulikana kwa kifupi kama IRI. Lami mpya huanzia kama 1.5 hadi 3.5. Barabara ya vumbi iliyotunzwa inaweza kuwa kati ya 3.5 na 10. Ikishatelekezwa hupanda hadi 20, na hapo hata dereva jeuri hupunguza mwendo.

Katika vyombo vyote vya kupimia, kinachovutia zaidi ni kile kilichobuniwa Uingereza na Cundill na kutangazwa mwaka 1991 kwa ajili ya nchi zisizo na fedha. Kinaitwa MERLIN, jina la mganga wa hadithi za Waingereza, na ukikiona hutakiogopa. Mbele kina gurudumu la baiskeli, nyuma mguu na mishikio miwili, nacho huinuliwa na kusukumwa kama toroli. Katikati kuna kijiti kinachogusa ardhi. Kikiingia bonde au kupanda kituta, mshale wa juu unasogea kwenye karatasi. Gurudumu likizunguka mara moja, mpimaji anasimama, anatia alama ya msalaba ulipo mshale, anasonga tena. Mara 200, mwendo wa kama mita 400. Mwisho karatasi inakuwa na kichuguu cha misalaba. Unaondoa 10 ya pembeni kila upande, unapima kwa rula upana wa iliyobaki katika milimita, unauzidisha kwa 0.0471, unajumlisha 0.593. Upana ukiwa milimita 100, IRI ni kama 5.3. Fundi yeyote wa kuchomelea wa Tarime anaweza kukitengeneza kwa wiki moja.

Tanzania yenyewe ilichelewa kupata daftari la kudumu. Miaka ya 80 barabara nyingi ziliachwa zikafa, na nchi haikuwa peke yake: mwaka 1994 Benki ya Dunia iliandika kwamba dola bilioni 12 za matengenezo ya wakati zingeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya. Kisha mvua za El Niño za 1997/98 zikasomba madaraja na makalavati. Mwaka 2000 ulianzishwa wakala wa barabara kuu na za mikoa, TANROADS. Zile za wilaya na vijijini zilibaki kwa halmashauri hadi mwaka 2017 ilipozaliwa TARURA, ambayo leo inahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, sehemu kubwa ikiwa udongo mtupu. Taarifa za barabara hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS: urefu, aina ya tabaka la juu, na hali yake.

Hali hiyo huandikwa kwa maneno matatu: nzuri, wastani, mbaya.

Hapo ndipo penye kasoro, na Kiswahili kinaifichua. "Wastani" ni cheo cha barabara isiyo nzuri wala mbaya. Vilevile ni hesabu ya kujumlisha na kugawanya. Barabara ya kijiji yenye kilomita 12, ambayo 11 na ushee zinapitika na mita 30 ni udongo mweusi wa mbuga, kimahesabu inaweza kuwa ya wastani. Kwa mama mjamzito aliye ng'ambo ya mita hizo 30 mwezi Aprili, barabara haipo. Wahandisi wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana bajeti zao zina fungu la matengenezo ya "sehemu korofi". Lakini sehemu korofi huonekana kwa aliyepita siku mbaya. Mkaguzi wa Agosti anakuta imekauka, imepasuka kama kigae, na gari lake linapita bila kusita.

Serengeti ina jambo la ziada. Mwaka 2010 Serikali ilipopanga kupitisha barabara kuu ndani ya Hifadhi ya Serengeti, shirika la kutetea wanyama la ANAW la Kenya lilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha. Mwaka 2011 Serikali iliiahidi UNESCO kwamba kipande cha kilomita 53 cha ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe chini ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, na Juni 20, 2014 mahakama ikazuia barabara ya kiwango cha lami kukatiza hifadhi. Kwa hiyo msafiri wa kutoka Tarime kwenda Loliondo anaweza kupita kwenye madaftari matatu, la TANROADS, la TARURA na la TANAPA, bila kujua lipi limeishia wapi.

Na kuna daftari la nne, ambalo halikuandikwa na mhandisi. Mugumu kuna Nyumba Salama, iliyofunguliwa mwaka 2014 kuwahifadhi wasichana wanaokimbia ukeketaji, kazi inayoongozwa na Rhobi Samwelly. Msimu wa ukeketaji huangukia Desemba, vuli ikiwa bado inanyesha. Simu ya kuomba msaada inaingia usiku, kijiji kinatajwa jina, na kwenye ramani za wakati ule kijiji hakikuwepo wala njia ya kukifikia. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map Tanzania. Watu wa kujitolea duniani kote walichora nyumba na barabara kutoka picha za setilaiti, na wenyeji wakaongeza majina kwa simu zao. Barabara isiyo na jina haipimwi, kwanza iwepo.

Setilaiti nayo inasogea kwenye upimaji wenyewe. Mwaka 2018 watafiti walichapisha jaribio la kuifundisha kompyuta kukisia ubora wa barabara kutoka angani, wakitumia vipimo vya takriban kilomita 7,000 za barabara kuu za Kenya. Ni kazi ya kutia moyo, ingawa wingu la masika hufunika hasa siku ile ambayo picha ingefaa.

Kwa hiyo ombi kwa wanaopanga ratiba za ukaguzi si la mtambo mpya. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na masika ya Mara hukolea Aprili. Barabara iliyoandikwa "wastani" kiangazi irudiwe Aprili, kwa miguu kama gari litakwama, kabla bajeti haijafungwa.