Sumaku Nyuma ya Honi: Koili ya Napa, Kobalti ya Kolwezi

Njia ya umeme ya kilovolti 400 inayotoka Iringa, ikapita Dodoma na Singida kwa kilomita zipatazo 670, inaishia Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga. Gari la matangazo linalopita hapo likinadi mkutano wa hadhara halina haja na umeme wote huo. Honi mbili juu ya paa, amplifaya chini ya kiti, betri ya volti 12, basi. Ilichukua zaidi ya miaka 30 ya kazi ya mafundi, wa mabara matatu, kufikisha honi kwenye urahisi huo, na kilichowashughulisha zaidi ni kitu asichokiona mpita njia: sumaku.

Honi yenyewe haizalishi sauti, inaikuza tu. Sauti huanzia kwenye yuniti, lile dude zito lililofungwa nyuma yake. Ndani mna kiwambo chembamba kilichobandikwa koili ndogo ya waya, na koili hiyo huning'inia kwenye mwanya mwembamba wa sumaku. Umeme wa amplifaya ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, na kiwambo hutikisa hewa. Sumaku ikiwa kali, umeme kidogo unatosha kuufikia umati. Ikiwa legevu, amplifaya itahema bure.

Mafundi Peter Jensen na Edwin Pridham walipokuwa wakijaribu kifaa chao cha kupaza sauti mjini Napa, California, sumaku za chuma za kudumu zilikuwa legevu. Wakatengeneza sumaku ya umeme: kiini cha chuma laini kilichozungushiwa waya mwingi wa shaba na kulishwa betri muda wote. Mkesha wa Krismasi wa 1915 walikionyesha hadharani San Francisco. Septemba 1919, Rais Woodrow Wilson, akiwa ndani ya kibanda cha vioo mjini San Diego, alisikika kwa watu wapatao 50,000 kupitia honi za kampuni yao, Magnavox. Mwaka 1926 Western Electric ikaja na yuniti namba 555, ya E. C. Wente na A. L. Thuras, iliyozipa sauti filamu za kwanza za kuzungumza. Nayo ilikuwa ya sumaku ya umeme.

Tatizo lilikuwa mlo. Koili ya 555 ilitaka volti 7 na ampea 1.5 bila kupumzika, hata kama ukumbini hakuna aliyekohoa. Piga hesabu: honi nne za aina hiyo zinavuta ampea 6, na betri ya ampea-saa 60 inakauka kwa saa 10 kabla amplifaya haijapata chochote. Jumba la sinema la mjini halikujali. Aliyejali ni yule aliyetaka kupeleka sauti porini. Mradi wa filamu wa BEKE, uliokuwa na makao yake Vugiri, karibu na Korogwe, kati ya 1935 na 1937, ulizunguka Tanganyika na makoloni jirani na lori lililobeba projekta, santuri za maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine, pamoja na mtambo wake wa kuzalisha umeme. Enzi hizo, kuhutubia kijiji kulianza na swali la umeme utatoka wapi.

Jibu lilitoka Tokyo. Mwaka 1931 Tokushichi Mishima aligundua kuwa chuma kikichanganywa na nikeli na alumini hutoa sumaku ya kudumu yenye ukaidi ambao vyuma vya awali havikuwa nao. Wengine wakaongeza kobalti, ikapatikana alniko. Ile iliyopendwa zaidi na watengeneza spika, alniko namba 5, ina kobalti karibu robo ya uzito wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Altec Lansing ilitoa yuniti yake ya 288 ikiwa na sumaku hiyo, na koili ya kulishwa ikaanza kuondoka hata kwenye sinema. Mwaka 1954 TOA ya Kobe, Japani, jina linalojulikana leo kwenye minara ya misikiti ya Afrika Mashariki, ikauza kipaza sauti cha umeme cha kushika mkononi. Kitu kama hicho kisingewezekana kama sumaku nayo ingedai kula betri.

Kobalti hiyo ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa Katanga, kwa wachimbaji wanaosema Kiswahili. Tarehe 13 Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliuteka Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, na siku sita baadaye askari wa Ufaransa wakashuka kwa miamvuli. Zaire, Kongo ya leo, ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kutoa kobalti. Bei, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka, ilifika dola 25 mwaka 1979. Watengeneza spika, JBL wakiwemo, wakakimbilia feraiti, sumaku ya kauri iliyoletwa na Philips ya Uholanzi miaka ya 1950: nzito, rahisi, haina kobalti hata chembe. Ndiyo iliyomo ndani ya honi nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani mwetu.

Ajabu ni kwamba sumaku ya umeme imefufuka. Nchini Japani na Ujerumani wapo wanaotengeneza upya yuniti za koili na kuziuza kwa matajiri, wakiapa kuwa sauti yake ina uhai zaidi. Huenda. Faida isiyo na ubishi ni kwamba nguvu yake inarekebishika na haichakai kwa miaka. Lakini nguvu ndani ya mwanya ikilingana, na kiwambo kikiwa kilekile, sikio linabaki na kidogo sana cha kushika. Mapenzi hayo ni ya mtu mwenye soketi ukutani.

Madini ya alniko, kwa upande wake, yanasogea jirani. Mkataba wa kampuni ya Tembo Nickel, uliotiwa saini na serikali Januari 2021, unahusu nikeli, shaba na kobalti ya Kabanga wilayani Ngara, na mpango ni kuisafishia Buzwagi, Kahama, mkoani humohumo Shinyanga, ulipokuwa mgodi wa dhahabu. Wanunuzi wanaowindwa ni watengeneza betri za magari ya umeme. Wa spika hawatajwi.