Kutoka Udongo wa Moscow hadi Mfereji wa Kioo: Kukawia kwa Elektro-osmosisi

Masimulizi ya kusukuma vimiminika kwa umeme huanzia mara nyingi kwenye chipu za kioo za miaka ya 1990. Mwanzo huo umechelewa mno. Mwaka 1809 jarida la chama cha wanahistoria asilia wa Moscow lilichapisha taarifa ya Ferdinand Friedrich Reuss, profesa wa chuo kikuu cha huko. Reuss alichomeka mirija miwili ya kioo katika udongo wa mfinyanzi ulioloa, akaitia maji, kisha akapitisha umeme wa betri ya Volta. Maji yalipanda katika mrija wenye ncha hasi. Upande wa ncha chanya yalipungua, yakachafuliwa na chembe za udongo.

Maelezo ya kinadharia yalikawia miaka sabini. Helmholtz alieleza mwaka 1879 kwamba ukuta huwa na chaji, na maji yaliyo karibu nao hubeba chaji kinyume katika tabaka jembamba sana. Umeme hulivuta tabaka hilo, nalo huyakokota maji yaliyobaki. Smoluchowski akathibitisha mwaka 1903 kwamba, tabaka likiwa jembamba kuliko njia, kasi haitegemei umbo wala upana wa njia hiyo.

Kwa nini basi matumizi yalisubiri? Si kwa ujinga, bali kwa kipimo. Upana wa mrija ukipunguzwa nusu, maji yanayosukumwa kwa shinikizo hupungua mara 16, yale ya umeme mara 4 tu. Katika bomba pana pampu ilitosha, na umeme ungeishia kuyapasha maji joto. Leo Casagrande, aliyekausha udongo kwa umeme nchini Ujerumani katika miaka ya 1930, alirudi palepale pa Reuss: kwenye vinyweleo vya mfinyanzi.

Mwaka 1981 Jorgenson na Lukacs, nchini Marekani, walitumia mirija ya maikromita 75 na volti zipatazo 30,000. Joto lilitoroka upesi kupitia kuta, na maji yalisogea kwa mwendo karibu sawa katika upana wote, hivyo makundi ya molekuli hayakutawanyika sana. Manz, Harrison na wenzao walipochonga mifereji katika kioo mwanzoni mwa miaka ya 1990, walielekeza mkondo kwa kubadili volti tu, bila vali. Hata hivyo, protini zikinata ukutani chaji hubadilika na kasi huyumba, kwa kuwa ukuta wenyewe ndio pampu.